Fahamu: Ujuzi wa ujenzi endelevu kwa mafundi na wasanifu wa Makuyuni

Ujenzi endelevu, yaani ujenzi unaokidhi mahitaji ya leo bila kumaliza misitu na maji ya vizazi vijavyo, hutegemea ujuzi wa mtaalamu kabla ya kutegemea vifaa. Makuyuni wilayani Korogwe, kama kwingi vijijini Tanzania, suala zito ni tofali, kwa kuwa tofali la kuchoma hula kuni nyingi, ilhali tofali la kufungamana, lililoenezwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulioanzishwa mwaka 2001, hutengenezwa kwa udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine, kisha hukomazwa kwa kumwagiliwa maji, pasipo moto. Ugumu uko kwenye udongo wenyewe: wenye mfinyanzi mwingi hunywea na kupasuka, na wenye mchanga mtupu haushikamani, hivyo fundi asiyejua kuupima hupoteza saruji bure. Msanifu majengo naye, hasa katika Handeni jirani yenye historia ndefu ya uhaba wa maji, hupaswa kuchora mifereji ya paa na tangi la mvua tangu mwanzo. Mafunzo ya uashi yasiyofundisha upimaji wa udongo hayajakamilika.