Mbwa wa Nyumba Akikufa

Ndugu msomaji, umekwisha kusikia mara ngapi maneno haya: "Nyamaza, ni mbwa tu"? Mtoto analia nyuma ya jikoni, mbwa amelala chini na nzi wamekwisha kuanza kuja, na mtu mkubwa anapita na kusema lile neno moja. Kisha anaita vijana wawili wafunge kamba mguuni, wavute mzoga na kuutupa mtoni ao katika shimo la zamani la wachimbaji. Jioni watu wanakula bugali, na jambo limekwisha. Lakini kwa mtoto halijakwisha, na ni juu ya hiyo nataka tuongee kidogo.

Hapa kwetu Maniema, mbwa ndiye mnyama ambaye tunaishi naye karibu kushinda wengine wote. Ng'ombe ni wachache. Farasi, watoto wetu wengi wanamwona katika picha ya kitabu tu, na sababu yake si umaskini peke yake. Ni mbung'o. Yule inzi mdogo anauma mnyama na kumtia vijidudu katika damu. Mnyama anakonda, macho yanatoka maji, mwisho anaanguka. Katika mwezi wa tatu wa mwaka 1866, Dr. Livingstone alishusha pale Mikindani, pwani ya Tanzania ya leo, ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda, ili ajaribu kama wataweza kuvuka nchi ya mbung'o. Hakuna hata mmoja aliyefika Maniema. Wengine waliumwa na mbung'o, na wote walipigwa na kuchoshwa vibaya na watu waliopaswa kuwachunga. Juu ya yule mdudu, katika nchi yetu mtu mwenyewe ndiye aliyekuwa farasi. Wakati jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora katika mwezi wa tisa wa 1916, mizigo yake ilifika juu ya vichwa na mabega ya wapagazi wa Kongo. Na leo angalia njia ya Kindu mpaka Kailo: kijana anasukuma kinga yenye kubeba magunia mpaka kinga yenyewe haionekani. Lakini kinga ikivunjika hakuna anayeilia, isipokuwa mwenye deni.

Turudi kwa mbwa. Mbwa wa msitu wetu, yule mwenye masikio ya kusimama na mkia wa kujikunja, habweki kama mbwa wengine. Ndiyo maana wawindaji wanamfunga kengele ya mti shingoni, ili wajue yuko wapi katika giza la majani. Nimepata kuona kengele moja ya namna hiyo ikining'inia juu ya moto, nyumbani kwa mzee mmoja, nyeusi kabisa kwa moshi. Nikauliza mbwa yuko wapi. Akanijibu kwamba amekufa siku nyingi, halafu akaanza kunieleza: siku ile walipoteza njia, siku ile ya nguruwe wa pori, siku ile mbwa alilala mlangoni wakati mama wa nyumba alikuwa mgonjwa. Saa nzima. Yule mzee hangekubali kamwe kama ungemwambia kwamba anaomboleza mbwa. Angecheka. Lakini kengele haikutoka juu ya moto.

Kengele kama hizo zimewekwa pia katika makumbusho ya Tervuren, kule Ubelgiji. Na mbwa wenyewe walivuka bahari. Mwaka 1895 walionyeshwa London, lakini walikufa upesi kwa ugonjwa. Mwaka 1937 wengine walionyeshwa tena, nao waliishi na kuzaa, na leo wajukuu wao ni wengi Ulaya na Marekani. Wanaitwa Basenji. Ndiyo, ni neno lile lile unalolijua: mbwa wa washenzi. Basi mtu wa mbali anamzika mjukuu wa mbwa wa Kongo chini ya jiwe lenye jina, na sisi wenye mbwa tunamvuta kwa kamba.

Najua utasema nini. Utasema: Mchungaji, hayo ni mambo ya watu wenye franka nyingi. Sisi tumezika watu. Tangu 1996 vita vimepita hapa mara mbili, watu wamekufa msituni bila sanduku na bila wimbo, na sasa tumlilie mbwa?

Neno hilo lina uzito, na silipiti upesi. Lakini sikia jambo hili. Katika machimbo ya huku, ambapo watu wanatafuta kasiterite na wolframite, shimo lilianguka na baba mmoja akafa ndani. Mtoto wake wa kiume alikuwa na miaka tisa. Kwenye kilio hakulia. Watu wakamsifu, wakasema huyu ni mwanaume. Baba alikuwa ameacha mbwa, jina lake Watachoka. Alimwita hivyo juu ya majirani waliokuwa wakigombana naye kwa ajili ya shimo. Miezi michache nyuma, Watachoka akafa. Mtoto akalia siku mbili, akakataa chakula. Mjomba wake akakasirika: "Kwa baba yako hukulia, kwa mbwa unalia?" Mama akasimama mbele yake. "Kaka, muache mutoto. Unafikiri ni mbwa anamulilia?"

Yule mama hakusoma shule ya Biblia, lakini aliona. Mtoto ana machozi ambayo hayajui yatokee wapi. Kifo cha baba ni mlima. Kifo cha mbwa kinamwezekana, anaweza kukishika kwa mikono yake. Ukifunga mlango huu mdogo kwa kusema "ni mbwa tu", ule mkubwa utafunguka wapi? Nabii Natani alilijua jambo hilo. Alipotaka kufungua moyo wa mfalme Daudi hakuanza na Uria aliyeuawa. Alianza na kondoo mmoja aliyekua pamoja na watoto wa maskini na kunywa katika kikombe chake. Mfalme aliyeamuru mtu afe alikasirika juu ya mnyama mmoja.

Na Livingstone mwenyewe, yule aliyepita kwetu mpaka Nyangwe mwaka 1871, alikuwa na mbwa mdogo mwenye manyoya mengi, jina lake Chitane. Tarehe 15 ya mwezi wa kwanza 1867, katika nchi ya Zambia ya leo, walivuka bwawa la Chimbwe. Maji yalifika kiunoni, na chini palikuwa tope lenye mashimo. Kila mtu aliangalia miguu yake, hakuna aliyemkumbuka mbwa. Aliogelea mpaka nguvu zikamwishia. Livingstone aliandika habari zake katika daftari: namna alivyofukuza mbwa wa vijiji karibu na kibanda, namna alivyokimbia mbele ya msafara na kurudi nyuma aone kama wote wapo. Siku tano baadaye sanduku la dawa likaibwa, na hasara hiyo ilikuwa kubwa kushinda. Lakini mbwa hakukosa mistari yake katika daftari.

Sasa, kuzika. Wafaransa nao zamani walitupa mbwa zao mtoni, katika Seine inayopita Paris, mpaka sheria ya 1898 ikaamuru mzoga uzikwe mbali na nyumba mita 100, chini ya udongo wa mita moja. Mwaka uliofuata, 1899, wakafungua makaburi ya mbwa pale Asnières, na yapo mpaka leo. Sisi hatuhitaji mawe. Jembe linatosha. Maji ya mto tunayanywa, basi tuache kutupa mizoga humo. Chimba mbali na kisima, fika mita moja ili mbwa wengine wasifukue, na umwache mtoto atupe udongo kama anataka.

Lakini kabla ya jembe uliza swali moja: mbwa amekufa namna gani? Kama tabia yake ilibadilika, kama aliuma watu bila kuchokozwa, kama mate yalimtoka na kumeza kulimshinda, huenda ni kichaa cha mbwa. Usimshike kwa mikono mitupu, usikubali mtu yeyote amchune wala kumla. Na muulize mtoto kwa upole kama aliumwa ao kulambwa kwenye kidonda. Watoto wanaficha alama ya meno, sababu wanaogopa mbwa wao atauawa. Na ukimpigia kelele atazidi kuficha. Kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15, halafu mbio hospitalini kutafuta chanjo, usingoje. Pasteur alimpa mtoto wa miaka tisa chanjo hiyo mwaka 1885 na mtoto akapona. Lakini ugonjwa ukiisha kujionyesha kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Hapo huruma kwa mtoto na usalama wa mtoto ni kitu kimoja.

Vijana wananiuliza kama mbwa anaenda mbinguni, na wazee wa kanisa wanaweza kubishana usiku kucha. Mtoto mdogo akiuliza vile, mara nyingi anataka kujua jambo lingine: je, sasa tutamsahau? Mjibu hilo kwanza. Mwambie, "Hapana, unakumbuka siku alipoiba samaki wa mama mkubwa?" Atacheka na kulia pamoja.

Wala usikimbilie kuleta mbwa mwingine kesho yake, kama mtu anayebadilisha sufuria iliyotoboka. Yule kijana wa Watachoka alikaa karibu mwaka mzima mbele ya kuomba mtoto wa mbwa. Alipompata, mjomba akamwambia amwite jina la yule wa kwanza. Akakataa. "Ile jina iko na mwenyewe," akasema. Akamwita Tutaona.