Kadi ya Sauti au Bodi Kuu? Mahali Sauti ya Kompyuta Inapoharibikia

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa likizoni kijijini kwetu, nilikaa kwa siku mbili na mzee mmoja wa ukoo nikimrekodi akisimulia jinsi babu zetu walivyohama na jinsi walivyofua chuma. Nilitumia kompyuta mpakato na maikrofoni ya bei nafuu, niliyoiweka mezani na kuichomeka katika tundu la kompyuta hiyo. Niliposikiliza rekodi zile baada ya kurudi mjini, niligundua kwamba nyuma ya maneno ya mzee kulikuwa na mvumo mithili ya mvua ikinyesha juu ya bati, na ndani ya mvumo huo ilisikika mikwaruzo kila kompyuta ilipokuwa na kazi nyingi. Pale mzee alipoinua sauti, maneno yalisikika. Pale alipoishusha, kama wazee wafanyavyo wanapofikia jambo zito, maneno yalimezwa. Nilikusudia kurudi kuirekodi upya habari ile. Mzee alifariki kabla ya likizo iliyofuata.

Kwa mtu anayefundisha fizikia, kosa lile halikuwa na udhuru. Hulikumbuka kila ninapoulizwa na walimu swali ambalo siku hizi limekuwa la kawaida: shule imepata fedha kidogo, je, inunue kadi ya sauti kwa ajili ya kompyuta zake, au sauti iliyokuja na kompyuta yenyewe yatosha? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo, si kwa kutaja bidhaa iliyo bora kuliko nyingine, bali kwa kuonyesha ni mahali gani sauti huharibikia. Ajuaye mahali hapo ataweza kuamua mwenyewe fedha yake aiweke wapi.

Kutoka hewani hadi kwenye tarakimu

Kama tujuavyo, sauti ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni huugeuza mtikisiko huo kuwa volteji inayopanda na kushuka kwa kuufuata. Lakini kompyuta haihifadhi volteji; huhifadhi tarakimu. Hivyo ni lazima pawepo kigeuzi, yaani chombo kinachoipima volteji mara nyingi sana katika kila sekunde na kukiandika kila kipimo kwa tarakimu. Wakati wa kusikiliza, kigeuzi kingine hufanya kazi iliyo kinyume: husoma tarakimu na kutoa volteji, nayo volteji hiyo, ikisha kukuzwa, huitikisa spika.

Ubora wa upimaji huu hutegemea mambo mawili. La kwanza ni idadi ya vipimo katika sekunde moja. Kanuni inayohusishwa na kazi za Harry Nyquist (1928) na Claude Shannon (1949) yatufundisha kwamba wimbi laweza kurudishwa kamili iwapo limepimwa kwa kasi inayozidi mara mbili ya marudio yake ya juu kabisa. Sikio la kijana husikia hadi kiasi cha hezi 20,000. Ndiyo sababu diski za sauti zilizoanza kuuzwa mwaka 1982 hupimwa mara 44,100 kwa sekunde.

Jambo la pili ni idadi ya ngazi ambazo kila kipimo chaweza kuangukia. Diski hizo hutumia biti 16, yaani 2 kwa kipeo cha 16, ambazo ni ngazi 65,536. Kigeuzi cha biti 24 kina ngazi 16,777,216. Tarakimu kubwa kama hizi ndizo huchapishwa juu ya maboksi dukani, nazo huwavutia wanunuzi. Tutaona punde kwamba mara nyingi haziwasaidii.

Jinsi kadi ilivyopoteza kazi yake ya kwanza

Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na spika ndogo iliyotoa milio sahili tu. Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Kanada ilitoa kadi ya kuchezea muziki, na mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ilitoa kadi iitwayo Sound Blaster, ambayo iliweza pia kutoa sauti zilizorekodiwa. Enzi hizo hapakuwa na la kuchagua. Mtu asiye na kadi hakuwa na sauti.

Mwaka 1997 kampuni ya Intel ilitangaza utaratibu ulioitwa AC'97, uliowarahisishia watengenezaji kuweka vigeuzi ndani ya chipu ndogo juu ya bodi kuu, ile ambayo mafundi huiita madabodi. Mwaka 2004 ulifuata utaratibu mwingine wa Intel unaoruhusu hadi vipimo 192,000 kwa sekunde. Wakati huohuo prosesa za kompyuta zilipata nguvu kiasi cha kuweza kuchanganya sauti nyingi zenyewe, kazi ambayo hapo awali ilisaidiwa na kadi. Leo karibu kila kompyuta huja na sauti yake. Ikiwa ni hivyo, kwa nini kadi bado zinauzwa? Jibu limo katika neno moja: kelele.

Ngazi zinazomezwa

Ndani ya sanduku la kompyuta mna shughuli nyingi za umeme. Prosesa huendeshwa na volteji ndogo, kiasi cha volti 1, lakini yaweza kuvuta mkondo wa makumi ya ampea, na mkondo huo hupanda na kushuka kwa ghafla kufuatana na kazi. Saketi zinazoilisha prosesa hiyo huwaka na kuzimika mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Mwanafunzi aliyesoma kazi ya Faraday anajua kwamba mkondo unaobadilika huzaa volteji katika waya ulio jirani. Isitoshe, sehemu mbalimbali za bodi hushirikiana njia ya kurudishia mkondo. Tutumie kanuni ya Ohm: mkondo wa ampea 1 ukipita katika njia ya shaba yenye ukinzani wa ohmu 0.001 tu, huzaa volti 0.001, yaani milivolti 1. Ikiwa saketi ya sauti hutumia njia hiyohiyo, milivolti hiyo itaingia katika sauti.

Je, milivolti 1 ni kitu? Na tufanye hesabu. Tuseme kigeuzi chetu hupima volteji katika upana wa volti 2. Kwa biti 16, kila ngazi ina upana wa volti 2 zikigawanywa kwa 65,536, yaani kama mikrovolti 30. Kelele ya milivolti 1 humeza ngazi 33 kwa pamoja. Ngazi tunazoweza kuziamini ni volti 2 zikigawanywa kwa volti 0.001, yaani ngazi 2,000, ambazo ni sawa na biti 11 hivi, kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 11 ni 2,048.

Sasa tuondoe kigeuzi hicho na kuweka cha biti 24 mahali pake, bila kuigusa kelele. Ngazi zimekuwa nyembamba sana, lakini milivolti 1 ya kelele ingalipo, na volti 2 zikigawanywa kwa volti 0.001 bado ni 2,000. Tumebakiwa na biti 11 zilezile! Ni kama kumpimia mtoto urefu kwa rula yenye alama za milimita huku mtoto mwenyewe akirukaruka. Kuongeza alama katika rula hakutatuliza miguu yake.

Hili ndilo fundisho kuu la makala haya: sauti haiwi bora kuliko sehemu iliyo dhaifu kabisa katika safari yake, na mara nyingi sehemu hiyo si kigeuzi.

Kusikiliza si sawa na kurekodi

Hesabu hii yatuonyesha pia tofauti kubwa kati ya kazi mbili. Wakati wa kusikiliza, volteji inayotoka katika kompyuta ni kubwa, kiasi cha volti 1, na kelele ya sehemu ndogo ya milivolti haitasikika darasani. Bodi kuu nyingi za kisasa zimetenga saketi ya sauti katika pembe yake, mbali na prosesa, na zinatosha kabisa kwa hotuba, masomo ya lugha na muziki wa kawaida. Yapo mambo mengine, kama spika za masikioni zenye ukinzani mkubwa. Kwa kuwa nguvu ni mraba wa volteji ukigawanywa kwa ukinzani, volti 1 huipa spika ya ohmu 32 kiasi cha miliwati 31, lakini huipa ya ohmu 300 miliwati 3 tu. Mwenye spika za namna hiyo ahitaji kikuza sauti kizuri zaidi.

Kurekodi ni jambo jingine. Volteji itokayo katika maikrofoni ni milivolti chache tu. Tuseme ni milivolti 5, na kelele inayoingia pale mwanzoni ni milivolti 0.1. Uwiano wake ni 50 kwa 1. Kikuza kikiikuza sauti mara 200, tutapata volti 1 ya sauti na milivolti 20 za kelele. Uwiano umebaki uleule wa 50 kwa 1. Kelele ikishaingia kabla ya kukuzwa, hukuzwa pamoja na sauti. Hapo ndipo maneno ya mzee wangu yalipopotelea.

Je, kadi ya kuchomekwa ndani ya kompyuta ingalimwokoa? Yumkini kwa kiasi, ikiwa imebuniwa vizuri. Lakini tukumbuke kwamba kadi hiyo hukaa ndani ya sanduku lilelile na kulishwa umeme uleule. Kilicho bora zaidi kwa kurekodi ni kisanduku cha sauti kinachokaa nje na kuunganishwa kwa waya wa USB, kwa kuwa sauti hukuzwa na kugeuzwa tarakimu mbali na kelele za ndani ya kompyuta. Tarakimu zikishapatikana, kelele ndogo za njiani hazizidhuru, maana kompyuta hutofautisha 0 na 1 tu.

Kwa sababu hiyohiyo, yuko mtu ambaye kadi haimfai hata kidogo. Atumiaye spika za Bluetooth, au apelekaye sauti kwenye televisheni kwa waya wa HDMI, huzituma nje tarakimu. Kigeuzi kinachofanya kazi kimo ndani ya spika au televisheni hiyo. Kadi aliyoinunua hukaa bure.

Kabla ya kununua

Mwalimu na wanafunzi wake waweza kufanya jaribio lifuatalo. Tumieni programu ya kurekodi isiyolipiwa, kama vile Audacity. Katika chumba kimya, rekodini sekunde 30 za ukimya. Kisha mtu mmoja asome aya ya kitabu akiwa mita 1 kutoka kwenye maikrofoni. Linganisheni kimo cha mawimbi ya ukimya na yale ya usomaji. Baada ya hapo isogezeni maikrofoni hadi sentimita 25 na mrudie. Mahali pasipo mwangwi mwingi, umbali ukipunguzwa hadi robo, mtikisiko unaoifikia maikrofoni huwa mkubwa mara 4 hivi. Hakuna kadi inayotoa faida hiyo bure.

Kisha chomoeni chaja ya kompyuta mpakato na kuiacha itumie betri. Mvumo mzito ukitoweka, ule wa hezi 50 au 100 unaofuata umeme wa majumbani, basi ulitoka katika nyaya za umeme, hasa pale kompyuta na kikuza sauti vilipochomekwa katika soketi mbili tofauti. Chomekeni vyote katika soketi moja iliyo na waya wa ardhi. Hapa sina budi kutoa onyo. Wako watu wanaoukata waya wa ardhi katika plagi ili kuondoa mvumo. Mvumo huondoka kweli, lakini umeme ukivuja ndani ya chombo hautakuwa na njia ya kwenda ardhini ila kupitia mwili wa atakayekigusa. Jambo hilo lisifanywe kamwe.

Baada ya majaribio hayo, uamuzi si mgumu. Kama kazi ni kusikiliza, na mikwaruzo haisikiki, tumieni sauti ya bodi kuu na fedha ziende kwenye spika nzuri. Kama mikwaruzo inasikika hata baada ya kurekebisha nyaya, au kama shule inakusudia kurekodi, nunueni kisanduku cha nje pamoja na maikrofoni nzuri. Kadi ya ndani na iwe chaguo la mwenye sababu maalumu.

Katika vijiji vyetu wangalipo wazee wenye habari ambazo hazijaandikwa mahali popote, na wanafunzi wanaopewa kazi ya kwenda kuwasikiliza. Mwanafunzi aliyejaribu chombo chake darasani, akaisogeza maikrofoni karibu na msimulizi, akasikiliza dakika ya kwanza kabla ya kuendelea na ya pili, atarudi na maneno yanayosikika. Mimi sikufanya hivyo, na msimulizi wangu hayupo tena.