Kamanyola: Kwa nini simu yako inatoka 4G na kwenda E, na siku nyingine inavuka mpaka bila wewe

KAMANYOLA – Anayetoka Bukavu kwenda Uvira kwa kupitia Nyangezi na mlima wa Ngomo anaweza kusoma safari yake yote kwenye kona ya juu ya simu. Mjini Bukavu kunaandikwa 4G. Barabara ikianza kuzunguka vilima, maandishi yanageuka kuwa H, halafu E, na kwenye kona nyingine rezo inakatika kabisa. Akifika chini, bonde la Ruzizi linapofunguka mbele yake, rezo inarudi. Lakini akitazama vizuri anaweza kukuta jina lililoandikwa pale si la kampuni yake. Ni jina la kampuni ya Rwanda au ya Burundi.

Kamanyola iko mahali pa pekee. Ng'ambo ya mto Ruzizi ni Bugarama, Rwanda. Kusini kidogo, mto Ruhwa unaingia Ruzizi, na kuanzia hapo ng'ambo ni Burundi. Mto unagawanya nchi, lakini hauzuii mawimbi ya redio. Kwa hiyo simu za hapa zinafanya kazi mara mbili: kuchagua kizazi cha rezo, na kuchagua nchi. Uchaguzi huo unafanyika bila kelele ndani ya mfuko, na mara nyingi mwenye simu anauelewa tu pale inite zinapoisha bila yeye kupiga simu, au pale makuta aliyotumiwa yanapochelewa kuonekana.

Vizazi vinne, kazi nne

Herufi hizo zina historia yake, na Congo ina nafasi ndani yake. Katikati ya miaka ya 1980, kampuni Telecel ya mfanyabiashara Miko Rwayitare ilianzisha simu za mkononi Kinshasa, mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika. Hicho kilikuwa kizazi cha kwanza: simu kubwa na nzito, za matajiri na wakubwa wa serikali, zilizobeba sauti tu.

Kizazi cha pili, 2G, kilianza Finland mwaka 1991. Hicho ndicho kilileta kadi SIM na SMS, na ndicho kilichofika vijijini kwetu miaka ya 2000. Kikitumiwa kwa intaneti, simu inaonyesha G au E. Kizazi cha tatu kilianza Japani mwaka 2001, na kwenye simu kinaonekana kama 3G, H au H+. Cha nne, 4G, kilifunguliwa Stockholm na Oslo mwishoni mwa 2009. Kwetu Congo, 3G ilianza karibu mwaka 2012 na 4G mwaka 2018.

Tofauti inaonekana kwa mfano mdogo. Chukua picha ya mega 5 unayotaka kutuma WhatsApp. Kwenye E, rezo ikiwa nzuri, picha hiyo inaweza kuchukua dakika 3 na zaidi. Kwenye 4G ya kawaida inapita kwa sekunde chache. Ndiyo maana mtu akiona E anasema rezo imekufa, hata kama simu ya sauti na SMS bado zinapita bila shida.

Nani anaamua, simu au antene?

Wote wawili, kwa zamu.

Simu ikiwa imelala mfukoni, bila kupiga wala kutumia intaneti, uamuzi ni wake. Kila baada ya muda mfupi inasikiliza antene zilizo karibu na kupima nguvu ya kila moja. Antene nazo zinatangaza bila kukoma: mimi ni wa kampuni fulani, nchi fulani, na majirani zangu ni hawa. Pamoja na hayo zinatoa kanuni: 4G ichukuliwe kwanza, ikishuka chini ya kiwango fulani nenda 3G, nayo ikishindwa nenda 2G.

Ukianza kuzungumza au kupakua kitu, uamuzi unahamia kwa rezo. Simu inatuma vipimo vyake, na mitambo ya kampuni ndiyo inayosema: sasa hama, nenda antene ile. Ikifanyika vizuri, mtu aliye ndani ya gari anazungumza kilomita nyingi bila kusikia mkato. Antene inayofuata ikiwa imejaa watu, au ikiwa nyuma ya mlima, mazungumzo yanakatika katikati ya neno.

Ili simu isirukeruke kama mpira kati ya antene mbili zenye nguvu sawa, kanuni inadai kwamba antene mpya iishinde ya zamani kwa kiasi fulani na kwa muda fulani. Hiyo ndiyo sababu unaweza kusimama chini ya antene ya 4G huku simu ikiendelea kuonyesha E kwa muda. Bado haijaambiwa kuhama, au haijamaliza kupima.

Milima nayo ina neno. Mawimbi ya masafa ya chini, kama yale ya megahetzi 900 yanayotumiwa sana na 2G, yanafika mbali na kuzunguka vizuizi vizuri zaidi kuliko yale ya megahetzi 1800 au 2100 yanayotumiwa sana na 4G na 3G. Antene ya 2G inaweza kuhudumia simu iliyo umbali wa hadi kilomita 35 mahali pa wazi. Kwa hiyo ukiingia kwenye makona ya Ngomo, 4G inakuaga ya kwanza na 2G inabaki ya mwisho.

Unapigiwa, WhatsApp inasimama

Kuna jambo moja ambalo wengi wanadhani ni ubovu wa simu. Uko kwenye 4G, video inatembea vizuri. Mtu anakupigia simu ya kawaida. Mara 4G inapotea, H au E inatokea, na video inasimama. Ukimaliza kuzungumza, 4G inarudi.

Si ubovu. 4G ilijengwa kwa ajili ya intaneti tu, haikuwekewa njia ya zamani ya kubebea sauti. Kuna namna ya kupitisha sauti juu ya 4G, inayoitwa VoLTE, lakini inataka kampuni iwe imeiweka na simu iwe inaikubali. Pasipo hiyo, rezo inaishusha simu hadi 3G au 2G ili ipokee mwito, halafu inairudisha juu. Sekunde unazosubiri kabla ya simu kuanza kulia upande wa pili ni za kushuka huko.

Huduma za pesa zinazofunguliwa kwa nyota na reli, kama M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, nazo kwa kawaida zinapita kwenye njia hiyo ya zamani. Hazihitaji mega. Ndiyo maana mama anayeuza nyanya au mchele wa bonde anaweza kupokea malipo kwenye simu ndogo ya kubonyeza, mahali ambapo simu ya androide ya jirani yake haifungui hata ukurasa mmoja. 2G inadharauliwa, lakini soko linaisimamia.

Serikali yenyewe ilipanga watu kwa vizazi hivyo. Kuanzia Septemba 2020, kodi ya RAM ilikatwa moja kwa moja kwenye inite za wateja, kati ya dola 1 na dola 7 kwa mwaka: kidogo kwa simu ya 2G, nyingi kwa ya 3G na 4G. Wananchi walilalamika sana, maana mtu mwenye simu ya 4G alilipa kodi ya 4G hata kama kijijini kwake antene ilitoa E tu. RAM ilifutwa mwaka 2022.

Kuvuka mpaka ukiwa umekaa nyumbani

Kila kadi SIM ina namba ya nchi ndani yake, tofauti na ile ya +243 tunayoijua. Rezo za Congo zinajitambulisha kwa 630, za Rwanda kwa 635, za Burundi kwa 642. Simu ikiwashwa inatafuta kwanza rezo ya nyumbani, hata kama ya jirani ina nguvu zaidi. Lakini ikiikosa, inaanza kujaribu nyingine. Kama kampuni yako ina mapatano na kampuni ya ng'ambo, simu inaingia huko. Hapo uko kwenye romingi, na bei si ile ya forfe uliyonunua.

Kamanyola, kuikosa rezo ya nyumbani hakuhitaji safari. Antene ya upande wetu ikizimika kwa kukosa mafuta au umeme, ukuta wa nyumba ukizuia, au ukishuka karibu na mto, simu inaweza kusikia Bugarama vizuri zaidi. Na ikishaingia huko, inaweza kukawia kurudi, kwa sababu haina haraka ya kuacha rezo inayofanya kazi.

Safari nayo inaongeza. Magari mengi kati ya Bukavu na Kamanyola hupita Rwanda kwa sababu ya barabara yake ya lami. Msafiri anatoka Congo, anaingia Rwanda, anarudi Congo, na simu yake inafanya hivyo pia. WhatsApp na programu nyingine hazijui mpaka. Zinaendelea kuvuta ujumbe na picha kimyakimya, kwa bei ya romingi.

Hata saa haikuonyi. Mtu anayetua Kinshasa anaona simu yake ikirudi nyuma saa moja. Kati ya Kamanyola, Bugarama na Cibitoke saa ni ileile, kwa hiyo dalili ni tatu tu: jina la kampuni juu ya kioo, herufi R karibu na alama ya rezo, na SMS ya kukukaribisha nchi ambayo hukwenda.

Mpango wa kupunguza bei ya romingi katika Afrika Mashariki ulianza kati ya 2014 na 2015, ukiunganisha Kenya, Uganda na Rwanda. Congo iliingia kwenye Jumuiya hiyo mwaka 2022. Kwa watu wa mpakani, huo ndio ushirikiano wanaoweza kuupima kila siku, kwa franka.

Rezo wakati wa kukimbia

Februari 2025, vita ilipofika Bukavu na kushuka bondeni, makumi ya maelfu ya watu walivuka kuingia Burundi, wengi wakipita mto Ruzizi na kupokelewa Rugombo. Kwa aliyetengana na watoto wake njiani, kujua ni rezo gani inashika haikuwa mambo ya mafundi.

Wakati kama huo batri ndiyo inaisha kwanza, na sababu ni ileile ya kuhama rezo. Antene ikiwa mbali, simu inapaza sauti ili isikike. Kwenye 2G inaweza kutoa nguvu ya hadi wati 2, karibu mara kumi ya kiwango cha juu cha 4G. Mahali pasipo na rezo kabisa, inaendelea kutafuta bila kupumzika. Simu inayomaliza siku nzima mjini inaweza kuzimika kabla ya jioni mlimani, hata kama hukuigusa.

Mambo ya kufanya

Simu nyingi hapa zimewekwa kwa Kifaransa. Fungua «Paramètres», halafu «Réseaux mobiles».

Zima «Itinérance des données». Hapo simu ikiingia rezo ya jirani, sauti na SMS zinabaki, lakini intaneti haitakula inite zako.

Kama rezo ya ng'ambo inakusumbua kila siku, ondoa uchaguzi wa «automatique» na uchague kampuni yako kwa mkono. Ukisafiri mbali kumbuka kuirudisha, la sivyo utabaki bila rezo.

Mahali penye E dhaifu, na unasubiri simu ya mtu tu, chagua 2G peke yake. Simu itaacha kutafuta 4G isiyokuwepo, na batri itadumu zaidi. Ukiwa kwenye kona isiyo na rezo kabisa, weka «Mode avion» hadi utakapofika mahali pa wazi.

Simu ikikwama kwenye E au kwenye rezo ya jirani wakati antene yako iko karibu, washa «Mode avion» sekunde kumi kisha uizime. Hiyo inailazimisha kuanza kutafuta upya, ikianza na nyumbani.

Na kwa wanaotuma makuta: uthibitisho usipofika, usitume mara ya pili papo hapo. Angalia kwanza salio lako. Mara nyingi pesa imeshakwenda, na SMS ndiyo iliyobaki njiani simu ilipokuwa inahama rezo. Aliyetuma mara mbili atalazimika kumbembeleza aliyepokea, na hilo hakuna antene inayoweza kulitatua.