Mchemsho wa baharini ndani ya Kinoo: Sufuria moja, watu wengi

Wengi wetu tuliuona mchemsho wa vyakula vya baharini kwanza kwenye simu. Mwanamke wa Marekani, Bethany Gaskin, alikuwa akiketi mbele ya kamera na rundo la miguu ya kaa, anaichovya kwenye sosi nzito ya siagi na kitunguu saumu, anakula, na mamilioni ya watu wanamtazama. Mtindo ukaenea hadi ukafika Nairobi. Sasa kijana wa Kinoo akitaka kusherehekea siku ya kuzaliwa anapanda matatu kwenda mjini, anavaa glavu za plastiki, anakula kamba wachache na vipande viwili vya mahindi, na bili ikija anashika kichwa.

Chakula hiki hakihitaji mkahawa. Ni chakula cha nyumbani, na kilianza kwa watu wasiokuwa na pesa nyingi. Kinoo ina karibu kila kitu kinachotakiwa isipokuwa bahari yenyewe, na hata hiyo bahari si tatizo kubwa kama tunavyodhani.

Chimbuko lake ndilo linaloonyesha sufuria hii ipikweje. Kuanzia 1755 Waingereza waliwafukuza Waakadia, watu wa asili ya Kifaransa, kutoka eneo ambalo leo ni Nova Scotia huko Kanada. Baadhi yao waliishia Louisiana, wakajifunza kula kamba wekundu wa maji baridi waliojaa kwenye vinamasi. Kwa miaka mingi kamba hao walionekana kuwa chakula cha maskini. Katika visiwa vya pwani ya South Carolina wanaishi Wagullah, wazao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, na kwao kuna sufuria ya aina hiyo hiyo yenye kamba, soseji, viazi na mahindi, iliyopewa jina la Frogmore, mahali palipo kwenye kisiwa cha St. Helena. Kisha vita vya Vietnam vikaisha 1975. Wakimbizi waliofika Texas na Louisiana wakaingia katika uvuvi, na baadaye watu wa jamii hiyo ndio walioanza kumwagia kamba waliochemshwa siagi na kitunguu saumu kingi. Sosi inayong'aa kwenye video zile ni mchango wao.

Kote huko hali ilikuwa moja: sufuria ilijazwa kwa kile kilichopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu, na watu wa kulishwa walikuwa wengi. Anayejaza sufuria kwa kamba na kaa watupu, akaweka viazi vitatu vya kupendezesha picha, ameipindua kazi ya chakula hiki.

Na viazi Kinoo si haba. Mji huu uko Kaunti ya Kiambu, kando ya barabara kuu iendayo Nakuru, baada ya Uthiru ukitoka mjini. Malori ya viazi kutoka Kinangop na ya mboga kutoka Limuru hupita mlangoni. Kibandani utapata mahindi mabichi, vitunguu, ndimu, dania na pilipili kwa bei ambayo mkahawa wa mjini hauwezi kuifikia. Soseji ya kukolezea sufuria tunayo pia: smoki, zile zile zinazouzwa kwenye kigari cha steji zikiwa zimepasuliwa na kujazwa kachumbari. Viungo vya unga wa Louisiana ukivitazama kimoja kimoja si vigeni: haradali, giligilani, karafuu, majani ya bay, pilipili manga na pilipili kali. Maduka ya viungo ya Ngara na Parklands yanavyo vyote, na karafuu huenda imetoka Pemba.

Tukija kwenye vya majini, hiyo barabara inayopita Kinoo inaendelea hadi Naivasha, na huko kuna jambo ambalo wapenzi wengi wa mchemsho hawana habari nalo. Kamba mwekundu wa Louisiana, yule yule anayemwagwa mezani kwenye sherehe za huko, anaishi katika Ziwa Naivasha. Wanasayansi humwita Procambarus clarkii. Aliletwa ziwani 1970 kutoka Uganda, ambako alikuwa amefikishwa kutoka Marekani, kwa nia ya kuanzisha zao jipya la uvuvi. Akazaana kweli kweli. Miaka ya 1970 haijaisha alikuwa akivuliwa kwa wingi na kusafirishwa Ulaya. Lakini alikuwa mlafi. Alitafuna mimea ya majini, yakiwemo mayungiyungi yaliyokuwa yakipamba ziwa, na tangu hapo idadi yake imekuwa ikipanda na kushuka.

Kwa hiyo mtu wa Kinoo anaweza kuzungumza na mvuvi au muuza samaki wa Naivasha, akaagiza kamba wa mchemsho halisi kutoka kwenye ziwa lililo safari fupi kutoka kwake. Si kila wiki wanapatikana, na si wakubwa. Nyama yenyewe iko mkiani, tonge dogo. Ila ladha yake ni tamu, na kumla hakulidhuru ziwa, kwa kuwa ni mgeni aliyelisumbua miaka yote hii. Waoshe kwenye maji safi mara kadhaa hadi matope yaishe, kisha uwapike hadi waive sawasawa. Nasisitiza jambo moja: akibaki mzima hata mmoja, asitupwe mtoni wala kwenye bwawa la jirani. Mito ya Kiambu haihitaji yaliyolikuta Ziwa Naivasha.

Vya baharini huletwa kutoka pwani. Kamba wengi wa Kenya hutoka Ghuba ya Malindi na Ungwana, kule Mto Tana na Mto Sabaki inakomwaga maji yake. Mpango wa usimamizi wa uvuvi huo wa 2010 uliweka msimu wa kufungwa kwa meli zinazokokota nyavu, kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi, ili kamba wapate nafasi ya kuzaana na kukua. Krismasi, wakati kila mtu anataka karamu, imeangukia katikati ya miezi hiyo. Anayepanga karamu ya Desemba aulize mapema, au ategemee kamba wa wavuvi wadogo na wale waliogandishwa. Kaa wa kutafuta ni kaa koko, yule mnene wa mikokoni. Huko Dabaso, karibu na Watamu, kikundi cha wanakijiji huwafuga na kuwauza kwenye mkahawa wao ulio juu ya maji ya Mida Creek, na mikoko wanaitunza wao wenyewe.

Nairobi, pa kuanzia ni City Market, mtaa wa Muindi Mbingu, kwenye meza za samaki. Kamba mzuri kichwa chake kimeshika, hakining'inii wala hakijawa cheusi, na hanuki dawa. Kaa awe hai na awe mzito mkononi kuliko unavyomdhania kwa macho. Mwepesi hana nyama. Kaa aliyekufa njiani usimnunue hata ukipunguziwa bei, kwa sababu nyama yake huharibika upesi sana. Kamba waliogandishwa si wabaya. Mara nyingi ni salama kuliko waliolala juu ya barafu inayoyeyuka tangu asubuhi. Wayeyushe usiku kucha ndani ya friji, si kwenye karai juani.

Upishi una mtego mmoja ambao video za Marekani hazitaji. Wao hutumia mahindi matamu ya manjano yanayoiva kwa dakika chache. Yetu ni meupe, magumu, na Kinoo iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 94 badala ya 100. Ukifuata saa ya Louisiana utaweka mezani mahindi mabichi na kamba waliogeuka mpira. Viazi navyo vina tabia zake. Shangi, ambavyo vimejaa sokoni, huiva haraka na kupasuka, kwa hivyo viingie vizima na maganda yake.

Kwa watu kumi chukua lita kumi za maji, vijiko vikubwa kumi vya chumvi, vitunguu viwili vilivyokatwa nusu, vichwa vitatu vya kitunguu saumu, ndimu sita na viungo vyako. Acha maji yachemke robo saa kabla ya kutia kitu chochote, kisha onja: yawe na chumvi na ukali wa wazi, kwa sababu viazi na mahindi havitapata ladha mahali pengine. Tia mahindi, kila hindi limekatwa vipande vitatu, uyape nusu saa. Tia kilo tatu za viazi, subiri dakika kumi. Sasa kaa wanne au watano, waliotangulia kulazwa kwenye barafu hadi wakatulia. Wape robo saa. Smoki dakika tano za mwisho, pamoja na kamba wa Naivasha ukiwapata. Kamba wa baharini, kilo mbili, wawe wa mwisho kabisa. Hapo usiondoke kwenye sufuria. Wanageuka kutoka kijivu hadi waridi mbele ya macho yako, mkia unaanza kujikunja, na ukifika umbo la mwezi mwandamo wameiva. Wakijikunja hadi kichwa na mkia vikagusana umechelewa. Dakika tatu hutosha.

Maji yamwage, ubakishe vikombe viwili. Kwenye sufuria nyingine yeyusha siagi, kaanga kitunguu saumu kilichopondwa bila kukiacha kiwe kahawia, tia pilipili na paprika, kisha miminia supu ile kidogo kidogo hadi sosi ishikane. Nusu imwagie chakula, nusu iweke kwenye bakuli za kuchovya. Watoto watengee yao isiyo na pilipili.

Sufuria yenye lita kumi za maji juu ya meko ya gesi ya kilo 6 ni hatari. Haitulii, na maji hayo yakimwagikia mtoto ni msiba. Pika kwenye sufuria mbili ndogo, au toka uani na jiko la makaa. Jiko la makaa lisiwashwe ndani ya nyumba wala kwenye roshani iliyofungwa vioo. Mezani, badala ya magazeti yenye wino, tandika majani ya ndizi yaliyooshwa, ambayo Kiambu hayauzwi ghali.

Kabla ya yote hayo kuna wageni, na hapa mwenyeji hupimwa. Uliza mapema nani hudhurika na kamba au kaa. Kwa mwenye mzio, hata sosi iliyoguswa na kamba inaweza kumbana pumzi, kwa hiyo apikiwe kando kwa sufuria safi na kijiko chake. Majirani Wasabato hawatakula kisicho na magamba na mapezi, kwa mujibu wa Mambo ya Walawi sura ya 11. Watilie tilapia kwenye sufuria yao pamoja na viazi na mahindi, nao wasilazimike kueleza imani yao mbele ya watu. Ukiwa na mgeni Mwislamu, hakikisha smoki ni za ng'ombe na zina alama ya halali.

Halafu kuna wazee wetu. Wakikuyu wa zamani hawakuwa wala samaki, na wapo waliozeeka hivyo hivyo. Mambo yamebadilika. Mpango wa serikali wa kufufua uchumi wa 2009 ulichimba mabwawa ya samaki 200 katika kila eneo bunge, kwenye maeneo bunge 140, yakiwemo ya milimani, na watoto wengi wa eneo la kati wamekua wakila tilapia. Ila kaa ni jambo lingine. Katika karamu moja ya uani hapa Kinoo, shosho wa nyumba alimtazama kaa kwa muda, akamwambia mjukuu wake, "Huyu mniondolee hapa mbele, mimi sili buibui." Mjukuu akamjibu, "Sawa shosho, wewe kula mahindi." Shosho akachukua kipande cha hindi kilichokuwa kimelowa sosi, akakimaliza, akachukua cha pili na viazi, na kufikia saa kumi na moja alikuwa akimenyewa kamba na mtoto wa darasa la tatu. Kaa hakumgusa, wala hakuna aliyemsukuma. Alikula akashiba mahali pamoja na wengine, na hiyo ndiyo sababu ya kupika kwa sufuria moja.

Maganda yashughulikiwe siku hiyo hiyo. Gari la taka likipita mara moja kwa wiki, maganda ya kaa yatanuka ghorofa nzima ifikapo Jumatatu. Mwenye shamba ayafukie chini kabisa ambako mbwa hawafiki. Yakioza huurutubisha udongo. Mwenye friji ayafunge na kuyagandisha hadi siku ya taka. Vichwa vya kamba usivitupe kabla ya kuvichemsha na nyanya na tui la nazi upate supu ya kesho yake.

Ukipanga karamu yako mwezi huu, usiahirishe kwa sababu pesa za kaa hazijatosha. Nunua kilo moja ya kamba, ongeza viazi na mahindi, na wote uliokusudia kuwaalika waite.