Fahamu: Skripti ya sheli inavyouliza maswali kwa visanduku

Anayeandika sudo raspi-config kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi hufunguliwa skrini ya buluu yenye menyu. Kipanya hakihitajiki, mishale, Tab na Enter vinatosha. Nyuma yake kuna skripti ya sheli tu, inayoita programu ya whiptail.

Whiptail ni mbadala mwepesi wa dialog, programu kongwe yenye visanduku vya aina nyingi zaidi, hata kalenda. Amri ni fupi:

whiptail --yesno "Nihifadhi faili?" 8 40

Tarakimu hizo ni kimo na upana. Jibu hurudi kama namba: 0 ni ndiyo, 1 ni hapana, 255 ni Esc.

Kwenye menyu ndipo wengi hukwama. Chaguo la mtumiaji hupitia mkondo wa makosa, maana mkondo wa kawaida unachora skrini. Ajabu kidogo, lakini ina mantiki. Ndiyo sababu skripti hubadilishana mikondo kwa 3>&1 1>&2 2>&3 kabla ya kuhifadhi jibu.

Tahadhari na swali la hapo juu: kwa if ya kawaida, Esc huhesabiwa sawa na hapana, na faili huenda likafutwa.