Gunia la Mahindi Lina Mabwana Wawili: Kazi ya Idara ya Kilimo Katika Kehancha

Watu wengi, wa mashambani na wa mijini, hudhani kwamba Idara ya Kilimo iliwekwa kwa ajili ya wakulima peke yao. Mtu akaaye mjini, asiye na hata tuta moja la mchicha, huona kwamba idara hiyo haimhusu. Fikira hiyo si sawa. Idara ya Kilimo ina mabwana wawili: wa kwanza ni yule anayelima, na wa pili ni yule anayekula. Mara nyingine mabwana hao hutaka mambo yasiyopatana. Mmoja ataka kuuza mazao yake upesi apate fedha, na mwingine ataka chakula kisichomdhuru. Njia nyepesi ya kufahamu jinsi wote wawili wanavyotumikiwa ni kulifuata gunia moja la mahindi, tangu mbegu hata sufuria, katika mji wa Kehancha na vijiji vinavyouzunguka.

Kehancha ni mji wa Kuria Magharibi, katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Wakuria wanakaa pande zote mbili za mpaka huo. Wenyeji hulima mahindi, wimbi, mihogo, maharagwe, ndizi na viazi vitamu, na wengi wao wamelima tumbaku kwa miaka mingi. Mahindi hulisha nyumba, na ziada huuzwa sokoni kwa kipimo cha gorogoro, au kwa gunia la kilo 90 kwa wafanya biashara wanaoyapeleka mbali.

Zamani Bwana Shamba alitumwa na Serikali Kuu. Katiba ya mwaka 2010 ilibadili mpango huo. Tangu Serikali za Kaunti zilipoanza mwaka 2013, maafisa wanaowafikia wakulima shambani ni watumishi wa Kaunti. Wizara iliyoko Nairobi hutunga sera, na mashirika ya taifa hufanya utafiti, hukagua mbegu, na kupima ubora wa chakula. Kwa hiyo mikono ni mingi, lakini kazi ni moja.

MBEGU

Kazi huanza kabla ya mvua. Mwaka 1964 wataalamu wa Kitale walitoa mbegu ya kwanza ya mahindi chotara katika Kenya, nayo ilibadili kilimo cha nchi nzima. Tangu hapo zimetolewa mbegu nyingi, kila moja kwa nchi yake. Mbegu iliyotengenezwa kwa nyanda za juu zenye baridi hukawia kukomaa. Mbegu ya nchi kavu huwahi, lakini haizai sana penye mvua ya kutosha. Bwana Shamba wa Kehancha anajua ipi inafaa udongo na mvua ya huko, na kumwuliza hakuna malipo.

Jambo la pili ni mbegu za udanganyifu. Wapo watu wabaya wanaopaka rangi mahindi ya kawaida, wakayatia katika mfuko mzuri na kuyauza kama mbegu. Shirika la ukaguzi wa mimea liitwalo KEPHIS, lililoanzishwa mwaka 1996, huthibitisha mbegu kabla hazijauzwa. Mfuko wa halali una kibandiko chenye namba iliyofichwa. Mnunuzi hukwangua kibandiko hicho, akaituma namba hiyo kwa simu kwenda 1393, na jibu humwambia kama mbegu ni ya kweli. Mkulima asitupe mfuko wala risiti, maana mbegu zisipoota hivyo ndivyo vitakavyomtetea.

SHAMBANI

Mahindi yakiisha kuota, maadui huja. Mwaka 2011 ugonjwa hatari wa mahindi uonekanao kwa majani kukauka na magunzi kubaki bila punje ulitambuliwa katika Bomet. Mwaka 2017 viwavijeshi vya namna mpya, waliotoka Amerika na kuonekana Afrika Magharibi mwaka 2016, waliingia Kenya. Juu ya ugonjwa, shauri la Idara ni kubadilisha mazao, ili shamba lililokuwa na mahindi lipate maharagwe au mihogo katika msimu mwingine. Juu ya viwavi, shauri ni kulikagua shamba mapema, kwa kuwa kiwavi akiisha kuingia ndani ya moyo wa mmea dawa haimfikii.

Hapo ndipo yule bwana wa pili aanzapo kukumbukwa. Kila dawa ina idadi ya siku ambazo lazima zipite kati ya kunyunyiza na kuvuna. Siku hizo zimeandikwa kwenye chombo cha dawa kwa ajili ya mlaji, ambaye hatajua kamwe shamba lilinyunyizwa lini.

SUMU ISIYOONEKANA

Hatari kubwa kuliko zote haiji shambani tu, bali huja pia baada ya mavuno, wakati mkulima anapodhani kwamba kazi imekwisha. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika Uingereza. Wataalamu walipotafuta sababu, waliikuta katika chakula kilichotengenezwa kwa karanga zilizoota kuvu. Sumu inayotolewa na kuvu hiyo huitwa aflatoksini, na kwa Kiswahili sumukuvu.

Kenya iliijua sumu hiyo kwa msiba. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao walikufa. Wengi wao walikula mahindi waliyoyalima wenyewe. Hao waliokufa upesi ndio waliohesabiwa. Anayekula sumu hiyo kidogo kidogo kwa miaka mingi haanguki siku moja, ila ini lake huharibika, na huweza kupata saratani.

Sumukuvu haina rangi wala ladha ya kumtosha mtu kuitambua. Kuchemsha hakuimalizi, wala kusaga, wala kuchachusha. Kwa hiyo mahindi yaliyoharibika hayafai ugali, wala kupikia pombe, wala kulishwa mifugo. Ng'ombe akiyala, sumu huingia katika maziwa. Kipimo kinachoruhusiwa na sheria ya Kenya ni sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Maana yake, katika gunia zima la kilo 90 sumu isifike hata miligramu moja.

KUKAUSHA

Kuvu hupenda unyevu. Mahindi yakikaushwa mpaka unyevu usizidi sehemu 13 na nusu katika mia, kuvu haiwezi kukua. Lakini katika Kehancha mavuno ya masika hukutana mara nyingi na manyunyu, na mvua za vuli hazikawii kufuata. Ndiyo sababu maafisa hurudia maneno yale yale kila mwaka: mahindi yasilazwe juu ya udongo, yaanikwe juu ya turubai au kichanja; yaliyoota kuvu na yaliyotobolewa na wadudu yatengwe kabla ya kupukuchuliwa; na gunia lisiwekwe chini wala kuegemezwa ukutani.

Asiye na mashine ya kupimia unyevu aweza kutumia chupa na chumvi. Achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi kiasi cha theluthi, kisha vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Aifunge, aitikise vizuri, kisha aiache dakika 15. Chumvi ikishika kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudishwe juani. Chumvi isiposhika, unyevu umeshuka chini ya sehemu 15 katika mia. Yakianikwa siku moja au mbili zaidi yatakuwa salama zaidi.

Mtu aweza kusema kwamba wakulima hawajui kukausha. Sivyo. Mkulima wa Kuria aliyelima tumbaku ni fundi wa kukausha. Hukesha bandani akiangalia moto, kwa kuwa anajua kwamba jani likikauka vibaya mnunuzi atalishusha daraja mbele ya macho yake, na hasara ataiona siku ile ile. Lakini mahindi yenye unyevu hununuliwa sokoni kwa gorogoro bila kupimwa, na mwenye kuyala hana mizani wala sauti. Tofauti basi haiko katika ujuzi, iko katika mnunuzi. Tumbaku ina mtu wa kuikataa ikiwa mbaya. Mahindi mara nyingi hayana. Kazi ya Idara, pamoja na maafisa wa afya na wakaguzi wa ubora, ni kusema kwa niaba ya mlaji asiyekuwapo.

Kuna neno jingine ambalo halifai kufichwa. Mahindi yenye maji ni mazito. Anayeyakausha hupunguza uzito wa gunia lake, na akiuza siku ile ile kwa mnunuzi asiyepima, mwaminifu hupata pungufu kuliko mzembe. Dawa ya jambo hilo ni mbili. Kwanza, wakulima wauze pamoja kwa chama cha ushirika, kwa wanunuzi wanaopima unyevu, kama Bodi ya Nafaka na wenye viwanda, ambao huyakataa mahindi mabichi. Pili, mahindi makavu yaweza kungoja. Bei huwa chini wakati wa mavuno, na hupanda ghala za watu zinapopungua. Yakitiwa katika mifuko isiyopitisha hewa, fukusi na dumuzi hufa humo bila dawa, na mwenye mali huchagua siku yake ya kuuza. Mahindi yenye maji hayangoji mtu.

MPAKANI NA SOKONI

Tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya kutoka Tanzania na Uganda, kwa sababu vipimo vilionyesha sumu ya kuvu kupita kiasi. Malori yalisimama, na wafanya biashara wa mipakani waliona hasara. Baada ya siku chache, tarehe 10 Machi, zuio liliondolewa kwa masharti: wenye kuingiza mahindi waandikishwe, na kila shehena iwe na hati ya mahali ilikotoka na hati ya kuonyesha kwamba sumu haizidi kipimo.

Wako waliofurahi wakidhani kwamba mahindi ya Kenya yameokolewa na ushindani. Lakini kuvu haijui mpaka. Mahindi yaliyoua watu mwaka 2004 yalikuwa yamelimwa Kenya. Sharti linalomfaa mlaji ni lile lile kwa mahindi ya Sirari na ya Kehancha.

Unga wa dukani nao hukaguliwa. Mnamo Novemba 2019 Shirika la Ubora wa Bidhaa lilizuia chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, na Januari 2020 likazuia nyingine 17. Lakini mahindi ya gorogoro hayana chapa. Kwa hiyo mnunuzi mwenyewe lazima awe mkaguzi wa kwanza. Atie mkono ndani ya gunia, aangalie chini wala si juu tu. Akiona punje zenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi, au akisikia harufu ya uvundo, asinunue hata kama bei ni ndogo. Nyumbani achague punje moja moja kabla ya kupeleka mashineni, na zilizoharibika azitupe mbali na kuku.

Maafisa wa kilimo si wengi kama wakulima wanavyohitaji, na Bwana Shamba hawezi kufika kila boma kabla ya mvua. Yafaa basi wakulima wakusanyike katika vikundi ili neno moja liwafikie wengi, na aliyefundishwa amfundishe jirani yake. Yafaa vile vile mlaji wa mjini ajue kwamba ana haki ya kwenda kwa afisa wa kilimo au wa afya kusema kwamba amekuta chakula kibaya sokoni.

Gunia lililofuatwa hapa limeanza na kibandiko cha mbegu na kumalizika katika sufuria. Yule aliyelilima na yule aliyelinunua huenda wasionane maisha yao yote. Hata hivyo mara nyingi ni mtu mmoja, kwa kuwa mkulima wa Kehancha akiisha kuuza ziada yake, huingia jikoni na kula yaliyobaki pamoja na watoto wake. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Turubai moja na siku tatu za jua ni kazi ndogo kuliko kumwuguza mtoto.