Kipakatalishi chako ni cha Linux? Soma hapa kabla ya kununua ruta

UMEHAMIA keja mpya Kasarani, doo ya intaneti umeitenga, na mezani kuna kile kipakatalishi ulichonunua kikiwa mtumba. Hakitumii Windows. Umekitia Linux.

Mko wengi. Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, mashine nyingi zilibaki njia panda kwa kuwa hazitimizi masharti ya Windows 11, likiwemo lile la TPM 2.0. Badala ya kuitupa, unaipakia Ubuntu au Linux Mint bila kulipa hata ndururu, na mashine inafufuka.

Balaa huanza ukienda kusaka mtandao. Unafika Luthuli Avenue, unauliza kama modemu fulani inafanya kazi na Linux. Muuzaji hata haiangalii. “Hiyo inashika zote, boss.” Ukifika nyumbani, haishiki. Na kesho asubuhi una mtihani wa mtandaoni, ama kazi ya mteja unayopaswa kuwasilisha.

Shika kanuni hii moja: nunua kifaa kinachojiunganisha chenyewe na mtandao, si kinachotegemea programu iliyo ndani ya tarakilishi yako.

Kifaa hicho ni ruta. Iwe ni ya faiba au ya kutia laini ya simu, ruta hufanya kazi yote ya kuunganisha. Mashine yako inapokea tu, na ruta haina haja ya kujua unatumia nini. Mipangilio yake unaifungua kwenye kivinjari kwa anwani iliyobandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukiambiwa ni lazima uanze na CD au faili ya .exe, achana nayo. Kama ni ya laini, uliza pia iwapo imefungiwa mtandao mmoja.

Pili, hakikisha ruta ina tundu la waya wa Ethernet. Wengi hulipuuza kisha wanajuta. Wifi ya mashine ya mtumba inaweza kugoma: chipu nyingi za Intel hutambuliwa na Linux papo hapo, lakini baadhi ya zile za Broadcom hudai draiva ya kupakua. Sasa utaipakuaje ilhali huna intaneti? Waya ndio utakaokutoa hapo. Ule wa Cat5e hupitisha hadi gigabiti 1 kwa sekunde kwa umbali wa mita 100, kwa hivyo keja yako haiwezi kuushinda.

Kipakatalishi hakina tundu la waya? Chomeka simu ya Android kwa kebo ya data, kisha uwashe “USB tethering” kwenye simu. Kwa kawaida Linux huitambua bila kuongeza chochote. Pakua draiva, maliza kazi.

Vipi modemu za USB? Bei yake huvutia, ila tahadhari. Nyingi zikichomekwa hujifanya CD yenye programu ya Windows. Linux ina kifaa kiitwacho usb_modeswitch cha kuzigeuza ziwe modemu, lakini si zote zinazokubali. Vijiti vya wifi navyo vina ujanja wao: jina kwenye boksi ni lilelile, kumbe toleo la pili lina chipu tofauti. Chomeka, fungua terminal, andika lsusb, kisha utafute jina la chipu hiyo.

Muhimu zaidi, beba mashine yako hadi dukani. Hata kama hujaweka Linux, iwashe kutoka kwa flashi yenye Ubuntu. Unganisha, fungua kurasa mbili tatu, ndipo utoe pesa. Muuzaji akikataa ujaribu, duka jirani lipo. Na usiondoke bila risiti.

Ukishaunganishwa, badilisha nywila ya ruta usiku huohuo. La sivyo, ploti nzima itakuwa inatazama mpira kwa bando lako.